Ukurasa wa Mwisho wa D-503

Mpwa wangu anasomea uuguzi, na riwaya huzisoma kwa macho ya mtu anayetaka kujua kidonda kiko wapi. Jioni ile alinirudishia kitabu nilichomwazima akiwa amekunja pembe ya ukurasa mmoja tu, ule wa mwisho. Baada ya shikamoo hakukaa. Alikifungua pale pale mlangoni, akaweka kidole kwenye mstari.

"Mjomba, huyu mtu wamemchoma kwenye ubongo ili asiweze tena kuwaza jambo ambalo halipo. Hapa anamtazama mwanamke aliyempenda akiteswa, na anaandika kwamba ni mzuri. Uzuri huo anauona kwa kutumia nini?"

Nilimwambia nitalifikiria. Wiki zimepita na bado nalifikiria.

Kitabu chenyewe ni We, riwaya ya Mrusi Yevgeny Zamyatin, katika tafsiri ya Kiingereza ya Mirra Ginsburg iliyotoka mwaka 1972. Wasomaji wengi wameisikia kwanza kama riwaya iliyomtangulia George Orwell, mwandishi wa Nineteen Eighty-Four, na ni kweli kwamba Orwell aliiandikia uhakiki Januari 1946, baada ya kuisoma kwa Kifaransa. Lakini sifa hiyo ya ukoo imeidhulumu riwaya hii, kwa sababu inatufundisha kumtafuta dhalimu ndani yake. Dhalimu yumo, anaitwa Mfadhili, ana kipara na matone ya jasho juu yake. Siye anayetisha. Anayetisha ni mtu mwenye afya njema anayeandika ukurasa wa mwisho huku akitabasamu.

## Kabla ya kuchomwa

D-503 ni mwanahisabati na mjenzi mkuu wa Integral, chombo cha anga ambacho Dola Moja inakiunda ili kuwapelekea viumbe wa sayari nyingine raha isiyo na hitilafu. Watu wa Dola hiyo hawana majina, wana namba. Wanaishi katika majumba yenye kuta za kioo, hutafuna kila tonge mara hamsini kama sheria inavyoagiza, na huamka, hufanya kazi na hulala kwa Jedwali la Saa. Jedwali hilo limewaachia muda wa binafsi wa saa mbili tu kwa siku, yaani kuanzia saa kumi hadi saa kumi na moja jioni na kuanzia saa tatu hadi saa nne usiku. D-503 halalamiki kwamba muda huo ni mdogo. Anatumaini kuwa siku moja nao utapangiwa kazi.

Ninasisitiza jambo hili kwa sababu ndilo linalofanya riwaya iwe ngumu. Msimulizi hadanganyi wala haogopi. Anaipenda Dola kwa moyo mweupe, na anaandika shajara yake ili kuisifu.

Kisha anakutana na I-330, mmoja wa wanaopanga kuiasi Dola, mwanamke mwenye meno makali meupe na tabasamu asiloweza kulitafsiri, na sentensi zake zinaanza kukatika. Anaanza wazo na kuliacha njiani. Anaweka kistari mahali ambapo zamani angeweka hitimisho. Anakumbuka alivyolia utotoni alipofundishwa kipeuo cha pili cha hasi moja, namba isiyokubali kukaa popote kwenye mstari wa namba, na jinsi alivyopiga meza kwa ngumi akitaka itolewe ndani yake. Sasa namba ile imerudi. Anakwenda kwa daktari, naye anampa jibu kwamba roho imeota ndani yake, na kwamba ugonjwa huo hauna dawa.

Katika insha yake ya mwaka 1923 kuhusu fasihi, mapinduzi na entropia, Zamyatin alidai kwamba nathari ya zama mpya haina budi kwenda kasi, kwa sentensi zilizobanwa na kurukwa. Wanausasa wengi walisema maneno ya aina hiyo. Katika riwaya hii, hata hivyo, mtindo huo si pambo. Vita vya kitabu vinapiganwa ndani ya sentensi zenyewe, na anayezisoma haraka ili ajue kama chombo kitaruka au hakitaruka atajua habari na kuikosa riwaya.

## Mara tatu

Dola inagundua ugonjwa wa watu wake na dawa yake kwa wakati mmoja. Gazeti la serikali linatangaza kwamba kituo cha ubunifu kimepatikana: ni kifundo kidogo duni katika sehemu ya ubongo iitwayo daraja la Varoli. Kichomwe mara tatu kwa miale ya X, na mtu amepona kuwaza milele.

(Mpwa wangu alinieleza kwamba sehemu hiyo ipo kweli, katika shina la ubongo, na kwamba inahusika na mambo kama upumuaji na neva inayoendesha misuli ya uso. Mtu aliyechomwa hapo, alisema, angeweza kushindwa hata kutabasamu. Wagonjwa wa Zamyatin wanatoka wakiwa hawawezi kuacha kutabasamu. Sidhani mwandishi alikuwa anatunga kitabu cha tiba, lakini tangu nisikie hayo siwezi kulisoma lile tabasamu bila kushtuka.)

Shajara ina sehemu arobaini, na ya arobaini imeandikwa baada ya D-503 kukamatwa na kufanyiwa upasuaji. Anaanza kwa kipimo cha hewa. Kisha anashangaa: ni yeye kweli aliyeandika zile kurasa mia mbili na ishirini? Mwandiko ni wake. Bahati nzuri, anasema, kuanzia hapa kitakachofanana ni mwandiko tu, kwani hakutakuwa tena na kuweweseka, mafumbo wala hisia, bali ukweli mtupu wa mambo. Amepona. Kibanzi kimetolewa kichwani, na kichwa kimekuwa chepesi.

Kisha anaeleza, kwa utulivu wa karani, kwamba kesho yake alikwenda kwa Mfadhili na kumweleza yote aliyoyajua kuhusu maadui wa raha. Jioni alikaa naye meza moja katika chumba cha gesi. Akaletwa yule mwanamke.

Hamtaji tena kwa namba. Ni yule mwanamke tu.

Wanamweka chini ya Kengele, chombo cha kioo kinachofyonzwa hewa. D-503 anaona meno yake makali na meupe, na anaandika kwamba yalipendeza. Anaona uso ulivyopauka na macho yalivyokuwa meusi na makubwa, na anaandika kwamba yalipendeza sana. Hewa inapoanza kutoka, mwanamke anakirudisha kichwa nyuma, anafumba macho nusu, anabana midomo, na hapo yule mtu wa ukweli mtupu anaandika kwamba hali hiyo ilimkumbusha kitu fulani.

Kitu gani? Hasemi. Anaendelea mbele. Mwanamke anamkazia macho, ameshika mikono ya kiti, hadi macho yanafumba kabisa. Anatolewa, anazinduliwa kwa umeme, anarudishwa. Inafanyika hivyo mara tatu. Hasemi neno.

Mara tatu kwa D-503 chini ya miale, mara tatu kwa I-330 chini ya Kengele. Siamini kwamba Zamyatin, mhandisi, aliziacha namba hizo mbili zilingane bila kukusudia. Kipimo ni kimoja, na wamepimwa watu wawili.

## Jibu nililolipenda

Jibu la kwanza lililonijia lilikuwa tamu. Nilisema: upasuaji haukukamilika. Kifundo kimechomwa, lakini kuna mahali pengine mtu anapohifadhia alichokipenda, na Dola haipajui. Ndiyo maana anauona uzuri, na ndiyo maana anakumbushwa.

Nililikumbatia jibu hilo kwa muda. Linampa msomaji pumziko baada ya ukurasa wa kutisha, na linamheshimu binadamu.

Lakini kila nilipourudia ukurasa lilizidi kulegea. D-503 anauona uzuri, na bado amekaa. Anakumbushwa kitu, na bado amekaa. Hainui mkono, hageuzi uso, hata sentensi zake hazikatiki kama zilivyokatika zamani alipokuwa anaumwa.

Uzuri haukumzuia kitu.

Nikajiuliza kama hilo si baya kuliko upofu kamili. Mtu asiyeona chochote chini ya Kengele ni chombo kilichovunjika, na tunaweza kumhurumia. Mtu anayeona kwamba uso ule ni mzuri sana, akaandika hivyo kwa herufi safi, kisha akasubiri raundi ya pili, huyo ni jambo jingine kabisa. Na mfano wa mtu huyo haukuanza na upasuaji. Katika sehemu ya 15, akiwa bado hajaguswa na mtu, D-503 aliitetea Kengele hiyo hiyo. Alisema wapumbavu wa kale wangeifananisha na vyombo vya mateso, ilhali kufanya hivyo ni sawa na kumfananisha daktari anayepasua koo ili mgonjwa apumue na jambazi anayekata koo. Kisu ni kimoja, nia ni mbili.

Alikuwa na ubongo mzima alipoandika hayo.

## Kurudi kwenye sehemu ya pili

Lililonitoa pale nilipokwama ni kuanza kusoma upya kutoka mwanzo. Katika sehemu ya pili kabisa ya shajara, D-503 anasimama kwenye karakana ya Integral asubuhi, anaona mashine zikizunguka, zikiinama na kunyooka, na ghafla anaona kwamba zinacheza ngoma. Anafurahi mno. Kisha, kwa kuwa ni mwanahisabati, anajiuliza kwa nini ngoma ni nzuri, na anajijibu: kwa sababu ni mwendo usio huru.

Nilikuwa nimeupita mstari huo mara ya kwanza kama kichekesho cha Dola. Sasa nauona kuwa ndio ufunguo wa ukurasa wa mwisho. D-503 alikuwa na macho ya kuona uzuri tangu mwanzo kabisa, kabla ya I-330, kabla ya roho, na uzuri aliouona ulikuwa uzuri wa utii. Upasuaji haukumnyang'anya macho hayo. Ulimrudishia. Mwanamke aliyefungwa kwenye kiti, anayetazamwa kupitia kioo, ambaye mwili wake unafuata hewa inavyotoka, ni mwendo usio huru kuliko yote, na kwa jicho la mwanamume aliyepona lazima apendeze.

Hapo swali la mpwa wangu lina jibu, na jibu si la faraja: anauona uzuri kwa kile alichokuwa nacho siku zote.

Hata hivyo jibu hili haliumalizi ukurasa. Linaeleza kupendeza, halielezi kukumbushwa. Ngoma ya mashine haiwezi kumkumbusha mtu kichwa kilichorudishwa nyuma na macho yaliyofumbwa nusu. Hicho kinatoka kwingine, kwenye chumba kilichoshushwa mapazia, katika saa ambayo Jedwali halikuijua. Tena ndani ya kile kioo kuna jambo ambalo kanuni ya sehemu ya pili hailihesabu: mwili wa mwanamke hauko huru, lakini ukimya wake uko huru. Wenzake wengi walioletwa pamoja naye walianza kusema baada ya mara ya kwanza, na D-503 anawasifu kuwa waaminifu zaidi. Yeye peke yake ndiye aliyebaki kuwa mstari usioingia kwenye taarifa, na mtoa taarifa analazimika kuuandika kwa sababu ameahidi kuandika ukweli mtupu.

Kwa hiyo ninaamini sasa kwamba katika sentensi chache zile mna watazamaji wawili. Mmoja ameshinda na anaandika. Mwingine amebakiza neno moja, "kitu fulani", na hana tena uwezo wa kulijaza.

## Mhandisi wa meli za barafu

Msomaji anaweza kusema ninamsomea mwandishi akilini. Basi nitazame maisha yake, ambayo yamerekodiwa.

Zamyatin alizaliwa Lebedyan mwaka 1884, akasomea uhandisi wa meli St Petersburg, na alipokuwa mwanafunzi alijiunga na Wabolsheviki. Alifungwa katika vuguvugu la 1905. Mwaka 1922 utawala wa chama kilichokuwa chake ujanani ulimkamata naye akajikuta katika gereza lile lile, kwenye ujia ule ule wa vyumba. Katikati ya vifungo hivyo viwili alifanya kazi ambayo inanivutia kuliko zote: kuanzia mwaka 1916 hadi Septemba 1917 alikuwa Uingereza, upande wa Newcastle, akisimamia ujenzi wa meli za Kirusi za kuvunja barafu. Mojawapo, iliyoanza kwa jina la Mtakatifu Alexander Nevsky, ilikuja kupewa jina la Lenin.

Mtu wa namna hiyo hakuziandika mashine za sehemu ya pili kwa kejeli. Alikuwa amesimama kwenye karakana kama ile na huenda alizipenda, na ndiyo maana furaha ya D-503 pale haina harufu ya kubuniwa. Zamyatin alijua mvuto wa jambo alilokuwa analionya. Wahakiki wanaoifanya riwaya hii kuwa shutuma tu dhidi ya Urusi ya Kisovieti wanaipunguza, kwa kuwa aliiandika mwaka 1920 na 1921, Petrograd (jina la St Petersburg wakati huo) ikiwa na njaa na baridi, wakati Stalin hajawa mtawala na mengi ya yale tunayomlaumu nayo hayajatokea. Saa, foleni na viwanda vya Newcastle vimo ndani yake pia.

Riwaya haikuruhusiwa kuchapishwa kwao. Ilitoka kwanza kama kitabu kwa Kiingereza, New York, mwaka 1924, katika tafsiri ya Gregory Zilboorg, Mrusi mhamiaji aliyekuja kuwa mtaalamu wa magonjwa ya akili. Vipande vya Kirusi vilipotokea katika jarida la wahamiaji huko Prague mwaka 1927, vikawa kisingizio, na mwaka 1929 waandishi wenzake walimshambulia hadi akajitoa katika umoja wao. Mwaka 1931 alimwandikia Stalin mwenyewe, akisema kwamba kwa mwandishi kunyimwa kuandika ni sawa na hukumu ya kifo, na akaomba aruhusiwe kuondoka. Mwandishi mashuhuri Maxim Gorky alimwombea, ruhusa ikatoka. Alifariki Paris mwaka 1937. Maandishi kamili ya Kirusi yalichapishwa New York mwaka 1952, na wasomaji wa nchini mwake waliyapata mwaka 1988.

Kwa hiyo wageni waliisoma kwanza. Mara nyingi tunaiona tafsiri kuwa ndugu mdogo wa kitabu, na mimi mwenyewe nimezoea kuomba radhi kwamba sijui Kirusi. Kwa riwaya hii sioni sababu ya kuomba. D-503 aliianza shajara yake kwa kuitikia wito wa gazeti la serikali: kila mwenye uwezo aandike sifa za Dola, na maandishi hayo yawe shehena ya kwanza ya Integral. Tangu ukurasa wa kwanza anawaandikia watu asiowajua, wa lugha asiyoijua, na mara kwa mara anasimama kuwaeleza mambo ambayo jirani yake asingehitaji kuelezwa. Wasomaji hao ni sisi, tuliokaa mbali na Petrograd na tukaipokea kwa mikono ya watafsiri.

## Kurasa mia mbili na ishirini

Limebaki jambo moja, ambalo sijaliona likizungumzwa vya kutosha, na ndilo ninalotaka kumwandikia mpwa wangu.

Ukurasa wa mwisho hauishii kwa ushindi. D-503 anakiri kwamba katika mitaa ya magharibi bado kuna vurugu, maiti, wanyama waliovuka Ukuta wa Kijani unaoitenga Dola na pori, na idadi kubwa ya namba waliousaliti ufahamu, na kwamba ukuta wa muda wa mawimbi ya umeme umewekwa kukatiza barabara ya arobaini. Ng'ambo ya Ukuta wa Kijani yuko O-90, yule mwanamke mfupi aliyekatazwa kuzaa kwa kupungukiwa sentimita kumi hivi kwenye kipimo cha akina mama, akiwa na mimba ya D-503 mwenyewe. Msimulizi hana tena nafasi ya tumaini ndani yake, ila tumaini lipo mahali ambapo hatazami. Wahakiki wamelisema hilo, na ni sahihi.

Ninachouliza mimi ni kuhusu daftari. Katika sehemu ya 28, Walinzi, yaani askari wa siri wa Dola, walipoingia kupekua jengo, D-503 alijua kwamba kurasa zake zingeweza kumuua. Alishindwa kuziangamiza. Aliona kuwa ni kipande cha nafsi yake, chenye kumtesa na pengine chenye thamani kuliko vyote, akazificha. Wakati huo alikuwa mgonjwa, na ugonjwa unaeleza.

Baada ya upasuaji hakuna cha kueleza. Mtu aliyemweleza Mfadhili kila alichokijua, aliyemtoa mwanamke, aliyeziona kurasa hizo kuwa kuweweseka, alizichukua, akaandika sehemu ya arobaini chini ya zile thelathini na tisa. Hakuanza shajara mpya. Riwaya haisemi kwamba alizikabidhi.

Yupo atakayenijibu kwamba Dola yenyewe ndiyo iliyozihifadhi, kama ushahidi wa tiba iliyofaulu, na kwamba ukurasa wa mwisho ni cheti cha kupona. Nimeipima hoja hiyo na siwezi kuibomoa kwa maneno yaliyomo kitabuni. Lakini Dola inayotangaza kwamba ubunifu ni ugonjwa haina haja ya kurasa mia mbili na ishirini za ugonjwa huo ili kuthibitisha ukurasa mmoja wa afya. Ingetosha ule mmoja. Kurasa zote zimetufikia zikiwa pamoja, sentensi zilizokatika na zilizonyooka, kwa mwandiko wa mtu mmoja, na ninaona ni yeye aliyeziacha pamoja.